Mawe Kumi na Saba

Tarehe 9 Januari

Kidole mwanangu,

Kadi ya kidude chako nimeifunga kwenye karatasi ya sabuni, kwa hiyo usishangae barua ikinukia kama nguo za Jumapili. Dereva wa gari la maziwa ameahidi kuitia posta mwenyewe. Kidude hakijambo. Kinarekodi njia ninazopita vizuri, ila kinaniudhi kinavyolia "pii" kila nikisimama, kana kwamba kimenifumania. Miaka thelathini na moja nilikuwa askari wa misitu, nikisimama nilipotaka bila kuulizwa na mtu. Leo nahojiwa na kitu kikubwa kama kiberiti.

Ndani utakuta njia tatu mpya za kuchora kwenye ramani yenu ya wajitoleaji: ya maporomoko, ya mgongo wa mlima, na ile fupi ya nyuma ya shule. Ya mgongo andika kwamba inateleza mvua ikinyesha. Wiki jana nilimkuta mgeni mmoja amekaa kitako, anaangalia kiatu chake kikiteremka mlima bila yeye.

Utakuta na ya nne. Inaanzia kwenye daraja la mbao, inakata kushoto, inapanda mpaka kwenye magofu ya kibanda tulichokaa kabla hujazaliwa. Nilisahau kuzima kidude. Hiyo usiichore, mwanangu. Unajua nani amelala kule. Mvua ilikuwa imekata barabara siku nne, homa haikungoja, na kaka yako tukamzika pale pale mimi na mama yako, wawili tu. Watu wakiona mstari kwenye ramani wanaufuata, na wakifika wanakaa na kufungua vyakula vyao. Sitaki mtu ale juu ya mwanangu. Nawe usimwambie mtu yeyote kuna nini kule.

Mama yako sasa nyonga haimruhusu kupanda. Kila Jumamosi nikirudi, kabla sijavua viatu, ananiuliza, "Umemkuta?" Namjibu, "Nimemkuta, hajambo." Hapo ndipo anainuka kuweka chai. Na ndiyo sababu nakuandikia badala ya kukupigia simu. Nyumba yetu ndogo, na masikio ya mama yako hayana ugonjwa wa nyonga.

Baba yako


Tarehe 22 Januari

Shikamoo Baba,

Barua imefika na harufu yake. Mwenye duka aliinusa akaniuliza kama nimeanza kufua kazini. Njia zako nimezichora saa ya chakula, nimejibanza nyuma ya mashine ya kusagia vioo vya miwani, na vumbi lake limeingia mpaka kwenye mkate wangu. Onyo la utelezi nimeliweka. La kiatu nimeliacha, ingawa roho imeniuma.

Ya nne nimeifuta kwenye ramani. Faili lenyewe ninalo kwenye kompyuta yangu, maana mimi situpi kitu chako, lakini hakuna mwingine atakayeliona. Amani kabisa.

Sasa sikia habari. Ofisi ya ardhi na misitu imetuandikia sisi wajitoleaji. Wanapanga upya matumizi ya mlima wote, na hawana ramani mpya zaidi ya ile uliyoiacha ukutani siku unastaafu. Ile niliyokuwa nafuatisha njia zake kwa kidole nikiwa mdogo mpaka karatasi ikatoboka, ukanibatiza Kidole. Basi wameamua kutumia yetu! Kila njia tuliyoichora itakarabatiwa na kuwekewa vibao. Miguu yako, Baba, ndiyo itakayopanga mlima. Mwambie Mama nimesema aiandalie maji ya moto yenye chumvi.

Binti yako, Kidole


Tarehe 18 Februari

Kidole,

Nimevimba kichwa, kofia hainitoshi. Daraja la mbao wamelitengeneza. Vibao vimesimama njia nzima ya maporomoko, na walimu wawili waliopotea kwenye ukungu walijitoa wenyewe kwa ramani yako wakiwa na simu mkononi. Zamani ningewatafuta siku nzima nikipiga filimbi.

Ofisini wamebandika mpango wao mpya ukutani, una rangi kama shuka la harusi. Nikatafuta upande wetu, wa kibanda. Wameupaka kijani kibichi kizuri, hakuna mstari hata mmoja umepita. Nilifurahi. Nimesoma ramani tangu sina ndevu; kijani ni msitu, na msitu ukiachwa kuwa msitu hauna ugomvi na mtu. Nilipomwambia mama yako, alicheka, akasema basi mtoto amepata shamba.

Kadi nyingine hii hapa.

Baba


Tarehe 6 Machi

Shikamoo Baba,

Nimeusoma mpango wote, kurasa sitini, mara mbili. Tafadhali kaa chini.

Kijani cha mpango huu si kijani cha ramani yako ya zamani. Maana yake ni eneo litakalofungwa. Wataweka uzio kuanzia darajani, ili chemchemi zipone, na mtu hataruhusiwa kupita kwa miaka kumi na tano. Sababu waliyoandika ni maneno sita: "hakuna njia, hakuna matumizi ya watu." Sababu hiyo wameitoa kwenye ramani yetu, Baba. Wameitoa kwenye kile nilichokifuta.

Pingamizi zinapokelewa mpaka tarehe 30 Aprili. Wanataka ushahidi wa aina mbili: njia iwe imechorwa, na iwe imerekodiwa na watembeaji tofauti wasiopungua ishirini. Mguu wako peke yako hautoshi, hata uende mara elfu.

Naomba ruhusa niichore. Niwaite wenzangu waje waitembee mara moja tu. Miaka kumi na tano ni mingi. Mama ana sabini na moja.

Kidole


Tarehe 17 Machi

Kidole,

Ruhusa sitoi.

Usinifikirie vibaya, wala usijilaumu. Ulifuta kwa sababu nilikutuma. Lakini niite watu ishirini wapite kichwani kwa mtoto ili nipate haki ya kumwona? Hiyo haki itanifaa nini? Nimefunga safari mwenyewe mpaka ofisini. Nimekaa na Bwana Mipango, yule kijana mwenye tai fupi. Mkubwa wake nilimfundisha mimi kushika panga. Tumezungumza kiume. Nimemweleza kila kitu na ameelewa. Watanipa ruhusa yangu ya peke yangu ya kupita, hata uzio ukiwekwa. Yamekwisha.

Mama yako asijue lolote. Anakusalimu. Amekushonea foronya ila anasema atakupa ukija, maana ukitumiwa vitu huji.

Baba


Tarehe 28 Machi

Shikamoo Baba,

Sawa. Nashukuru kusikia yamekwisha. Nitakuja Mama akichoka kuishikilia foronya.

Dukani tuna kazi nyingi, shule zimepima watoto macho na nusu yao wanahitaji miwani. Nikikaa kimya, ujue ni kazi.

Kidole


Tarehe 20 Mei

Shikamoo Baba,

Barua hii nimeianza mara sita.

Siku nilipopata barua yako ya Machi nilimpigia simu Bwana Mipango kumshukuru. Hakuelewa namshukuru kwa lipi. Alisema mzee mmoja mstaafu alikuja, akavua kofia, akakaa, akauliza kama uzio utakuwa wa mbao au wa waya. Akaambiwa wa waya. Akasema "vizuri," akavaa kofia, akaondoka. Hukumwambia lolote, Baba. Ulishindwa kulitamka. Na mimi sikukuuliza, kwa sababu nilijua ningekuuliza tu ningekulazimisha udanganye mara ya pili.

Kwa hiyo nimefanya nilichokatazwa. Nimeichora. Mwenyewe ulinifundisha kidole kimoja hakivunji chawa, basi niliwaita wajitoleaji, na wakaja thelathini na mmoja, tarehe 25 Aprili, siku ile uliyompeleka Mama hospitali kupigwa picha ya nyonga. Niliichagua siku hiyo makusudi. Mimi mwenyewe sikuweza kuja, mwenye duka alininyima ruhusa. Niliwaambia ni njia ya zamani ya askari wa misitu, waitembee mpaka kibandani na kurudi. Kuhusu kaka sikuwaambia. Nilikuwa nimekuvunjia neno moja. Hilo la pili niliona nilitunze.

Pingamizi limekubaliwa jana. Uzio hautawekwa. Inaitwa Njia ya Kumi na Nne, na itabaki wazi siku zote. Utapanda kila Jumamosi kama kawaida. Nikasirikie utakavyo, lakini utapanda.

Kidole


Tarehe 3 Juni

Kidole,

Nilipanda Jumamosi ya kwanza baada ya hospitali, nikapanda tena, nikapanda na jana. Nilitaka nihakikishe kabla sijashika kalamu.

Mawe hayapo.

Hujawahi kuyaona, kwa hiyo nikueleze. Yalikuwa mawe kumi na saba, meupe, ya mtoni. Mama yako aliyabeba mwenyewe kwenye shuka, safari tatu, akakataa nimsaidie. Tuliyapanga kumzunguka, na miaka thelathini na minne hayakusogea. Hatukuweka kingine, maana tulijua wenyewe.

Wenzako ni watu wema, naona. Wamefyeka vichaka kuzunguka kibanda ili watu wapumzike. Wamesawazisha ardhi. Na mahali njia inapogawanyika wamejenga rundo la mawe, refu kufika kiunoni mwangu, la kuonyesha wapita njia wapi pa kukata. Wamelijenga vizuri, halitingishiki. Mawe meupe wameyaweka juu ili yaonekane kwenye ukungu. Nimeyahesabu. Yote kumi na saba yapo.

Wao wangejuaje? Mawe meupe yamekaa bure msituni, ni ya nani?

Najua ni pale. Lakini pale ni pakubwa. Kichaka nilichokuwa nakitumia kama alama kimefyekwa, kisiki kimeng'olewa. Nimesimama hapa, nikasema hapa. Nikasogea, nikasema hapana, ni hapa. Mwishowe niliogopa kusogea. Nilikuwa askari wa msitu huu, mwanangu. Walinitafuta mimi mtu akipotea.

Nilirudi nyumbani. Mama yako akaniuliza, "Umemkuta?" Nikamwambia, "Nimemkuta, hajambo." Akaenda kuweka chai, na nilishindwa kuinywa.

Usinijibu haraka.

Baba


Tarehe 12 Juni

Baba yangu,

Umesema nisikujibu haraka. Nimevumilia siku tano.

Sina cha kujitetea. Wale thelathini na mmoja wananiandikia bado, wananishukuru kwa matembezi mazuri. Mmoja ametuma picha amesimama kando ya lile rundo, amelikumbatia, anacheka. Mwalimu wa hesabu, mtu mpole kuliko wote ninaowajua. Niliiangalia ile picha nikashindwa kumchukia, na hilo ndilo liliniumiza zaidi, kwamba wa kumchukia hayupo ila mimi.

Laiti ningewaambia neno moja tu: kuna mtoto hapo, mpite pembeni. Wangevua kofia, Baba. Wangepita kwa vidole vya miguu. Niliwaficha siri yako watu ambao wangeitunza vizuri kuliko mimi.

Nasema "kaka" miaka yote na sijui hata alicheka vipi. Sasa mimi niliyezaliwa baada yake ndiye nimempoteza. Nisamehe, na kama huwezi, niambie pia.

Kidole


Tarehe 25 Julai

Shikamoo Baba,

Wiki sita hujaniandikia. Dereva wa gari la maziwa anasema humpi bahasha, ila anakuona darajani kila Jumamosi, unapanda na unashuka. Sikulaumu. Nakuandikia kwa sababu nimepata kitu.

Nimefungua kadi zako zote tangu mwaka jana. Kidude kikiwa safarini kinaweka alama kila baada ya muda, na mtu akisimama alama zinarundikana mahali pamoja. Januari uliniambia ulisahau kukizima. Baba, hukukizima hata mara moja. Njia ya kibandani imo mara ishirini na mbili, na kila mara unasimama kama dakika ishirini mahali pale pale. Mara moja ni kusahau. Mara ishirini na mbili ni nini? Nahisi ulitaka mtu mmoja ajue unakwenda wapi. Nami nilipojua, ona nilichofanya.

Nimezikusanya alama zote. Karatasi hii ina mchoro: kona mbili za msingi wa kibanda, hatua za kuhesabu kutoka kila kona, na mahali zinapokutana.

Ningependa niishie hapo, lakini sitakudanganya tena. Chini ya miti kidude kinakosea. Hata nikichanganya Jumamosi zote ishirini na mbili, kosa linabaki hatua tatu kila upande. Kwa hiyo sikuchora nukta, nimechora duara. Yumo ndani yake. Wapi ndani yake, siwezi kukuambia, na hakuna mashine itakayoweza.

Kazi yangu ni kusaga vioo ili watu waone. Nimeangalia duara hili mpaka macho yameniuma.

Kidole


Tarehe 19 Agosti

Mwanangu Kidole,

Nimekusamehe tangu siku ile ya kwanza. Kilichonishinda ni kujisamehe mimi, na mtu akiwa katika kazi hiyo hana mkono wa kushika kalamu. Aliyekaa mbele ya Bwana Mipango akaulizia waya ni mimi, si wewe. Ningefungua mdomo siku ile, usingelazimika kuwaita watu. Na kuhusu kidude, umenikamata. Sikusahau.

Karatasi yako nimeitumia. Nilihesabu hatua kutoka kona zote mbili, nikapigilia mti wa katikati, nikafunga kamba ya hatua tatu na kuizungusha. Kisha nikaenda kwenye rundo nikayashusha mawe meupe, moja moja, nikaanza kuyapanga upya. Kumi na saba hayatoshi, mwanangu. Yalipangwa kumzunguka mtoto wa miaka mitatu. Kwenye duara hili ukiweka moja, linalofuata liko mbali kama watu wasiosalimiana.

Nikiwa nimepiga magoti pale wakatokea wapanda mlima wawili, mke na mume, na ramani yenu mkononi. Mume akaniuliza, "Mzee, unajenga nini?" Nikafungua kinywa kusema uongo, ukakataa kutoka. Nikasema, "Hapa amelala mwanangu. Sijui upande gani." Ni mara ya kwanza nalitamka kwa mtu. Mke alivua mkoba wake, akateremka mtoni. Mume akamfuata. Walirudi wamebeba mawe kifuani, nguo zimelowa. Jumamosi iliyofuata nilikuta mengine matano ambayo sikuyaweka mimi.

Nimekwenda na ofisini, safari hii nikasema. Bwana Mipango aliandika, akafuta macho kwa ile tai yake fupi. Njia ya Kumi na Nne itasogezwa hatua kumi, ipite upande wa chini wa kibanda. Nawe usogeze mstari wako. Na lile duara lichore, kila mtu alione. Andika tu: Mtoto amelala, pita chini.

Limebaki la mama yako.

Jana nilirudi, akaniuliza, "Umemkuta?" Nikasema, "Sijamkuta." Nikamweleza yote, kuanzia kijani mpaka kamba. Hakulia. Alisema, "Nilijua kuna kitu. Tangu mwezi wa tano unavua viatu kabla sijakuuliza."

Halafu akauliza, "Hilo duara lina ukubwa gani?"

Nikamwambia, kama sebule hii.

Aliiangalia sebule. Aliangalia mlangoni, dirishani, chini ya meza, kila pembe, kama mtu anayetafuta alipoweka kitu. Kisha akaivuta miguu yake taratibu, akaiingiza chini ya kiti, asije akakanyaga, akakaa hivyo. Nami nikanyanyua yangu. Chai hatukuweka.

Njoo uchukue foronya yako.

Baba